Mashine ya kurekodia harusi: kutoka meli ya Bombay mpaka mfukoni



Mwishoni mwa kipindi cha wiki iliyopita tuliweka ujumbe wa sauti wa msikilizaji wetu wa hapa hapa Uingereza. Harusi ya dada yake iko mwezi wa nane, na safari hii si kibodi na CD. Kunakuja udi, kanuni, fidla mbili na dumbak, watu wazima wanaojua kazi yao. "Ninunue mashine gani ya kurekodia?" akauliza. Mimi nikamjibu mbio mbio: chukua chochote kidogo, tia betri mpya, basi. Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu ovyo.

Nimeona hivyo kwa sababu ya begi la ami yangu. Ami alifika Leicester katika miaka ya themanini akitokea Dubai, na kila harusi aliyoalikwa alikwenda na mashine. Sisi watoto tulimcheka. Watu wanacheza, yeye yuko pembeni, headphone masikioni, jicho kwenye vitaa vyekundu. Alipofariki, mama alinikabidhi begi lake. Ndani mlikuwa na kaseti arobaini na kitu, zimeandikwa kwa kalamu ya wino, na diski ndogo tisa za MiniDisc. Diski moja ilikuwa na maneno haya tu: "Bibi, 1998". Ule ndio mwaka pekee bibi alikuja kututembelea huku, na akaimba kwenye harusi ya shangazi. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka biriani tu.

Basi, ili nimjibu msikilizaji wetu vizuri, itabidi nianze mbali kidogo. Kila mashine iliyowahi kuchukua muziki wetu ilikuja na masharti yake. Ilisema wimbo uwe mrefu kiasi gani. Ilisema sauti kubwa mwisho wake wapi. Na sharti la tatu, ambalo watu hulisahau dukani: ilisema rekodi itatoka vipi mle ndani, na ikitoka iende kwa nani.

Msanii kuifuata mashine

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwa meli kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Shaaban Robert ameyaandika maisha yake, na wengi wetu tulimsikia Siti kwanza kwa majigambo ya mabibi zetu kabla ya kuisikia sauti yake. Lakini hebu fikiria safari yenyewe. Mwimbaji, mpiga udi, mpiga fidla, wote wavuke Bahari ya Hindi kwa sababu mashine haiwezi kuja kwao. Kurekodi wakati ule kulifanyika juu ya sahani nene ya nta, ndani ya chumba maalumu, na fundi wa kampuni. Haukuwa mzigo wa kubeba begani.

Santuri ya mizunguko 78, ile ya inchi 10, ilibeba kama dakika 3 kila upande. Sasa ninyi mnaijua taarab. Wimbo mmoja harusini unaweza kwenda dakika 15 au 20, maana ubeti unarudiwa kila anapoinuka mtu kwenda kutunza, na mwimbaji akiona ukumbi umepamba moto haachi. Kwenye santuri hayo yote hayakuwezekana. Wimbo ulikatwa ukatosha, au ukagawanywa pande mbili, msikilizaji akawa anageuza katikati. Na hakuna anayepiga kigelegele. Tunachokisikia leo katika santuri zile ni Siti wa chumbani, Siti wa dakika 3. Tunashukuru, maana bila santuri tusingekuwa na chochote. Lakini usiku wa Siti mbele ya watu wake haukuingia.

Hata hivyo, kwenye lile sharti la tatu santuri ilifanya vizuri. Zilirudi pwani, zikauzwa, zikapigwa kwenye gramafoni za mikahawa na za majumbani, kwa hiyo waliorekodiwa na jirani zao walijisikia wenyewe. Hilo halikutokea kwa kila mtu.

Mashine kumfuata msanii

Miaka ya hamsini mambo yaligeuka. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka na lori lenye mitambo ya kurekodi na jenereta yake. Mwaka 1950 alikuwa Kenya na Tanganyika. Mwaka 1952 alikuwa Kongo, na huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, alimkuta kijana akipiga gitaa barabarani. Huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, na "Masanga" aliyoirekodi siku zile inasikilizwa na wapiga gitaa mpaka leo. Mashine ilikuwa imefika mtaani, bila meli na bila chumba maalumu.

Wakati huo huo, huko Uswisi, fundi mzaliwa wa Poland aitwaye Stefan Kudelski alitengeneza mashine ya tepu ya kubeba, mwaka 1951. Akaiita Nagra, neno la Kipolandi lenye maana ya "itarekodi". Waandishi wa redio na watengeneza filamu waliichukua kila mahali. Ilikuwa nzito kwa viwango vya leo, lakini mtu mmoja aliweza kuitundika begani akatembea nayo. Wimbo sasa ungeweza kuwa mrefu kadiri tepu ilivyoruhusu.

Lakini angalieni lile sharti la tatu. Mwaka 1950, Kapkatet huko Kenya, Tracey alirekodi wimbo wa Wakipsigis uitwao "Chemirocha". Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kijijini. Rekodi ile ikaenda Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, ILAM, na ikajulikana duniani kwa watu wanaopenda mambo hayo. Kijijini kwenyewe haikurudi. Ilipofika mwaka 2015 ndipo watu wa ILAM na wenzao wa Kenya walipopeleka nakala kwa familia za walioimba. Hiyo ni miaka 65. Wengi wa waliorekodiwa walikuwa wameshaondoka duniani.

Simlaumu mtu. Ninachosema ni kwamba mashine bora kuliko zote inaweza kuchukua sauti yako na usiisikie tena, kama hukupanga tangu mwanzo itarudi vipi.

Kaseti, au redio ya kila nyumba

Halafu ikaja kaseti. Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963, na hapo mwanzo ilionekana kitu cha kunasa maneno ofisini. Mafundi wa muziki waliidharau. Tepu nyembamba, inakwenda polepole, ina ule mvumo wa "shhh" usioisha.

Pwani hatukuudharau mvumo. Kufikia miaka ya sabini na themanini redio kaseti ilikuwa kila nyumba. Mombasa kulikuwa na maduka kama Mbwana Radio Service, yaliyotoa kaseti za kina Zein l'Abdin, Juma Bhalo na Maulidi Juma. Nyingine zilirekodiwa kwenye harusi moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza usiku mzima uliingia. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, kwa hiyo wimbo wa dakika 20 unakaa bila kukatwa. Unasikia watu wanavyoingia, mtu anaita jina la mtoto wake, viti vinaburutwa, mwimbaji anapumua. Baadhi ya kaseti za ami ni hivyo hivyo. Mimi huwa nasikiliza watu kuliko wimbo.

Na kwa sisi wa ng'ambo kaseti ilifanya kazi nyingine. Baada ya 1964 watu walitawanyika, wengine Oman, wengine Dubai, wengine huku. Simu ilikuwa ghali, barua si kila mtu anaandika. Kaseti iliingia kwenye mfuko wa msafiri yeyote. Upande A taarab ya harusi ya binamu, upande B mama anakusalimia na kukupa habari za mwembe ulioanguka. Unayempelekea ana redio yake, hahitaji kingine. Anayetaka nakala anaunganisha redio mbili kwa waya. Kila nakala ilipungua kidogo na mvumo ukaongezeka, lakini ilitoka, na ilifika.

Kwa wanaotaka kujua vifaa: ami alianza na redio kaseti ya kawaida yenye maikrofoni ya ndani, kisha akapata Walkman ya kurekodia, ile Sony WM-D6C ya mwaka 1984, iliyopendwa sana na waandishi wa habari na wapenzi wa muziki kwa sababu mota yake ilitulia na kiwango cha sauti ulikipanga mwenyewe kwa mkono. Mwaka huo huo wa 1984, huko California, bendi ya Grateful Dead iliwatengea wapenzi wake wenye mashine sehemu rasmi ukumbini wasimike maikrofoni zao. Sisi sehemu rasmi hatukuwa nayo. Ami alikuwa anajibanza nyuma ya meza ya soda.

Dijitali inaingia, na kufuli yake

Mwaka 1987 ilitoka DAT, kaseti ndogo ya dijitali. Mvumo ule ukatoweka. Sauti ikawa namba, biti 16, na ukinakili namba hazichakai: nakala ya kumi ni sawa na ya kwanza. Kwa mtu wa kurekodi harusi, hii ni neema. Kwa makampuni ya santuri ilikuwa jinamizi. Wakapiga kelele, na mwaka 1992 Marekani ikapitisha sheria iliyotaka mashine za dijitali za nyumbani ziwe na kizuizi: unaweza kutoa nakala ya dijitali kutoka kwenye asili, lakini nakala ya ile nakala inakataliwa.

Hapo ndipo mlango ulipoanza kufungwa. Mashine haijui kama unaiba albamu ya mtu au unampa shangazi harusi yake mwenyewe. DAT ilibaki ghali, ikatumiwa zaidi na studio, redio, watafiti na wale wapenzi wakubwa wa konseti. Sony ilisitisha mashine zake za mwisho za DAT mwaka 2005. Leo mwenye tepu za DAT anahangaika kutafuta mashine nzima ya kuzisomea.

Mwishoni mwa 1992 ilikuja MiniDisc, na hii ndiyo iliyomvuta ami. Ilikuwa ndogo kama kiberiti kikubwa, inaingia mfuko wa shati. Dakika 74 za stereo, au mara mbili yake ukichagua mono. Haina mvumo, unaruka kutoka wimbo hadi wimbo. Ili sauti ienee, mashine iliibana mpaka ikabaki kama moja ya tano, ikitupa kile ilichokadiria kwamba sikio halitakikosa. Kwa taarab ya ukumbini hilo halikuwa tatizo kubwa, nasema kweli. Tatizo lilikuwa kutoka. Mwaka 2001 zikaja MiniDisc za kuunganisha na kompyuta, ukaweza kuingiza nyimbo, lakini ulichorekodi kwa maikrofoni hukuweza kukirudisha kwenye kompyuta kama faili. Mlango wa upande mmoja. Mwaka 2004 ukafunguliwa nusu, na mwaka 2006 ikatoka mashine moja tu, MZ-RH1, iliyoweza kuzitoa rekodi za zamani. Lakini watu walikuwa wameshahamia kwingine. Februari 2025 Sony ikaacha kutengeneza hata diski tupu.

Sasa nirudi kwenye begi. Mashine ya ami ilikuwa imekufa. Nikanunua iliyotumika, nikaunganisha tundu la headphone na kompyuta, nikakaa. Kwa njia hii hakuna haraka: diski ya dakika 74 inakula dakika 74. Wikiendi tatu nilikaa chumbani, mama akija anasimama mlangoni na kikombe cha chai anasikiliza. Sita zilitoka safi. Mbili zilikuwa na mikwaruzo. Nikaiweka "Bibi, 1998".

Kioo kikaandika: diski tupu.

Nikajaribu tena. Tupu. Baadaye fundi mmoja akanieleza. MiniDisc ina ukurasa wake wa orodha, unaosema wimbo gani uko wapi. Mashine huandika orodha hiyo mwisho, ukishabonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikikata kabla ya hapo, sauti inaweza kuwa imeshaandikwa kwenye diski yenyewe, lakini hakuna orodha, na mashine inaona hakuna kitu. Ami alirekodi mpaka betri ikaisha. Pengine alijua, pengine hakujua. Aliandika jina la bibi na akaihifadhi.

Nilipomwambia mama, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, iweke tu. Usiitupe." Iko kwenye droo yangu hapa ninapoandika.

Faili

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zikaja mashine zisizo na tepu wala diski inayozunguka. Edirol R-1 mwaka 2004, Zoom H4 mwaka 2006, halafu nyingine nyingi. Maikrofoni mbili juu, kadi ya kumbukumbu ndani. Wengi walishangilia kwamba ni ndogo na safi. Mimi naona jambo kubwa lilikuwa jingine: rekodi ikawa faili la kawaida. Ukichomoa kadi na kuitia kwenye kompyuta yoyote, faili la WAV lile pale. Mashine ikifa kesho, rekodi haifi nayo. Kwa mara ya kwanza tangu kaseti, mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na kinyume na kaseti, nakala haikupungua.

Lakini sharti la pili, lile la ukali wa sauti, likawa kali zaidi. Tepu ukiizidishia sauti inavumilia, inakwaruza taratibu. Dijitali haina uvumilivu. Ina dari, na kilichogonga dari kinapasuka, hukipati tena. Nililijua hili kwa aibu. Harusi yangu ya kwanza kurekodi nilipanga kiwango saa kumi na moja jioni, wanamuziki wanajaribu vyombo, ukumbi mtupu. Vitaa vilikuwa vizuri kabisa. Saa mbili bibi harusi akaingia. Vigelegele! Wanawake mia mbili kwa pamoja. Kila kitaa kikawa chekundu, na dakika zile ambazo kila mtu alitaka kuzisikia ndizo zilizopasuka. Mashine haikuwa na kosa. Mimi nilisahau kwamba chombo chenye sauti kubwa kuliko vyote katika taarab yetu ni mashangazi.

Biti 24 zilipunguza tatizo hili. Biti 16 zinakupa nafasi ya kama desibeli 96 kati ya kimya na dari. Biti 24 kwa hesabu ni 144, ingawa hakuna mashine inayozifikia zote. Maana yake kwa mtu wa kawaida: unaweza kurekodi kwa kiwango cha chini, ukaacha nafasi kubwa juu kwa ajili ya vigelegele, kisha ukaipandisha nyumbani bila kuleta uchafu. Na tangu mwaka 2019 hivi, kuanzia na mashine kama Zoom F6, kuna mfumo wa biti 32 ambao kwa vitendo unakuondolea kazi ya kupanga kiwango. Mwaka 2024 mfumo huo ulifika hadi kwenye mashine ndogo za bei ya chini, kama Zoom H1essential. Usidanganyike lakini: ikiwa maikrofoni yenyewe imezidiwa, au umeiweka karibu na spika kuliko karibu na muziki, biti hazitakusaidia.

Basi ununue ipi?

Ndugu msikilizaji, kwa kuwa historia imeshajibu nusu ya swali, nitakuwa mfupi.

Muda si tatizo tena. Stereo ya biti 24 kwa kiloherzi 48 hula takriban gigabaiti moja kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba usiku wote na kesho yake. Angalia tu kama mashine yako inagawa faili likifika gigabaiti 2, yaani baada ya kama saa mbili. Nyingi hufanya hivyo, na vipande vinaungana vizuri, lakini jaribu nyumbani kwanza.

Ukali wa sauti: kama bajeti inaruhusu, chukua yenye biti 32. Kama huna, ya biti 24 inatosha kabisa, hata iliyotumika ya miaka kumi nyuma. Zima upangaji wa sauti wa kiotomatiki, kwa sababu unapandisha kelele za ukumbi kila udi unapotulia na kuubana wimbo kila dumbak inapolia. Panga kiwango ili sehemu kubwa kabisa ya majaribio isipite desibeli 12 chini ya dari, kisha mwombe shangazi mmoja apige kigelegele. Atafurahi.

Usitegemee waya wa meza ya fundi wa spika peke yake. Katika kumbi ndogo anachopitisha kwenye spika ni mwimbaji na kibodi. Kanuni na fidla zinajisikia zenyewe ukumbini, kwa hiyo kwenye waya hutozipata. Maikrofoni za mashine yenyewe, juu ya kijiti cha kusimamisha, mita mbili tatu mbele ya wanamuziki, ndizo zitakazokupa usiku wenyewe. Ami alikuwa akisema, "Mashine usiiweke penye nafasi, mwanangu. Iweke pale ambapo ungekaa wewe kama ungeachiwa uchague."

Simu je? Ni bora kuliko kukosa. Lakini simu imetengenezwa kusikia mtu anayeongea. Programu zake nyingi hujaribu kufuta "kelele", na kwa simu kelele ni pamoja na nai. Halafu mtu anakupigia katikati ya wimbo. Na kuna jambo la adabu. Upande wa wanawake, harusi nyingi huku hukusanya simu mlangoni, na ni haki yao. Mashine isiyo na kamera inakubalika kirahisi zaidi, lakini bado omba ruhusa, kwa wenye harusi na kwa wanamuziki, na waulize rekodi iishie kwa nani. Hata nyumba ikikubali, kuna wimbo mwingine wa upande wa wanawake ambao haukuimbwa ili utoke nje.

Betri: mpya, na za akiba mfukoni. Kila baada ya nyimbo kadhaa simamisha, anza tena. Mnajua kwa nini.

Na sharti la tatu, ambalo kwangu sasa ni la kwanza. Kabla hujalipa, muulize muuzaji: nikimaliza, ninachomoa kadi na kupata faili la WAV, bila programu maalumu, bila akaunti ya kampuni, bila malipo ya kila mwezi? Jibu likiwa ndiyo, nunua, hata kama ni ya chini ya pauni mia na mtumba. Jibu likiwa "inategemea", mshukuru uondoke. Ukifika nyumbani usiku ule ule, kabla ya kulala, nakili sehemu mbili, na moja ya hizo isiwe nyumba yako. Lipe faili jina la watu, mahali na mwaka.

Na kama kwenu kuna begi kama la ami, usingoje. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha wahifadhi wa sauti, IASA, walitoa tahadhari kwamba tepu nyingi za sumaku zitakuwa hazisomeki kufikia karibu 2025, kwa sababu mashine na mafundi wanaisha. Kaseti bado unaweza kuziokoa kwa redio ya kawaida na waya mmoja. Zile za ami zote arobaini na kitu zilicheza, tena za miaka ya themanini, pamoja na mvumo wao.

Mwaka jana nilirekodi harusi ya binamu yangu. Biti 24, kijiti mbele ya fidla, vigelegele vyote salama. Kesho yake nikamtumia shangazi faili. Akanipigia: "Hii nitaisikilizia wapi, mwanangu? Mimi sina kompyuta." Nikaibana nikamtumia kwenye WhatsApp, akasema inasikika kama iko ndani ya ndoo. Mwisho nikamtengenezea CD, kwa sababu gari lake bado linameza CD. Sasa kila akienda kuchukua wajukuu skuli anaipiga, na wajukuu wameshajua ni wimbo wa ngapi nyanya yao anasikika nyuma akiitisha maji ya kunywa.